Rundo la Mawe la Ipole

Mjomba alipiga simu saa mbili usiku, na safari hii hakuanza na zile salamu zake za kuulizia hali ya kila mtu mpaka majirani. "Mama," akaniita, maana nimerithi jina la mama yake, "wewe si ulisomea makaburi?"

Nilisomea akiolojia. Kwa mjomba ni kitu kilekile, na sikuona sababu ya kumbishia.

Alikuwa anafyeka msitu ili aongeze shamba la tumbaku, upande ambao zamani alikuwa anatundika mizinga tu. Katikati ya vichaka akakuta rundo la mawe. Si mawe yaliyotawanyika, akasisitiza, ni mawe yaliyopangwa na mtu: mviringo, upana hatua sita hivi, kimo chake kinafika magotini. Habari zikasambaa. Siku ya tatu wakaja vijana wawili wageni na mashine ya kupimia ndani ya begi, wakaizungusha juu ya mawe, mashine ikalia, wakamwambia hiyo ni mali ya Mjerumani. Wachimbe wao, wagawane nusu kwa nusu. Mjomba akawajibu wasubiri mwanawe aje, amesoma mambo hayo. Mwanawe ni mimi. Nilikuwa Dar es Salaam, sina kazi ya maana, nina shahada na daftari la michoro ya vigae. Nikapanda basi.

Kwa asiyejua, Ipole ni kijiji cha Wilaya ya Sikonge, kusini ya Tabora, pale barabara inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Mpanda, mwingine unakwenda Rungwa na kuendelea hadi Mbeya. Pembeni ni miombo kwa miombo, mbung'o, asali na tumbaku. Ukishuka pale mchana wa Septemba unakuta majani mapya mekundu juu ya miti na majivu chini yake, na unajiuliza nani aliwahi kuja kuficha kitu huku.

Lakini hao vijana na mashine yao hawakutoka hewani. Mwaka 1916, Vita Kuu ilipokuwa imeukata mkoloni Mjerumani na kwao, serikali yake ilipiga sarafu za dhahabu mjini Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba. Zilikuwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na hazikufika 17,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na Wajerumani na askari wao wakarudi nyuma kuelekea Iringa. Dhahabu imetengenezwa mjini, wenye dhahabu wamekimbia porini. Hadithi inajimalizia yenyewe. Ndiyo maana Tanzania nzima kuna watu wanaochimba chini ya mibuyu, chini ya misingi ya boma, na chini ya kila jiwe lililoonekana limesogezwa na mkono wa mtu. Na mawe yaliyosogezwa na mkono wa mtu, mara nyingi sana, yana mtu chini yake.

Nikiri na mimi jambo langu. Ndani ya basi sikuwa nawaza habari za kumlinda marehemu wa watu. Nilikuwa nawaza Lothagam.

Lothagam iko magharibi ya Ziwa Turkana, Kenya. Kiasi cha miaka 5,000 iliyopita ziwa lilikuwa linanywea, mvua za Afrika Mashariki zilikuwa zinapungua, na watu wa kwanza wa eneo lile kufuga mifugo walikuwa wanahamahama wakitafuta malisho. Watu hao, ambao hakuna aliyekuta nyumba zao za kudumu, walijenga kaburi. Walichimba shimo kubwa katika mchanga uliokuwa ufuko wa ziwa, wakashuka hadi kwenye mwamba, wakapanga mawe bapa kulizunguka na kutengeneza jukwaa la duara lenye upana wa mita 30 hivi. Ndani ya shimo walizika wafu wao kwa karne kadhaa, mmoja karibu na mwingine, mpaka wakajaa. Kisha wakafunika juu kwa kokoto na mawe, wakasimamisha nguzo za mawe ya volkano walizozibeba kutoka mbali kidogo, wakaondoka. Timu ya Elisabeth Hildebrand, ambamo alikuwamo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilichapisha matokeo yake mwaka 2018. Walichimba sehemu ndogo tu, wakapima iliyobaki kwa rada ya kupenya ardhini, wakakadiria kwamba mle mna watu wasiopungua 580.

Kilichonikaa kichwani tangu niliposoma habari hiyo ni mapambo. Watoto wanayo, wazee wanayo, wanawake wanayo, wanaume wanayo. Shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete za meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na meno ya mbele ya panya wa jangwani, mamia kadhaa, yamepangwa yawe pambo. Hakuna kona ya wakubwa na kona ya makabwela. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba ukiona jengo kubwa la kale, utafute mfalme aliyewaamrisha watu kulijenga, kama Misri. Lothagam hakuna mfalme anayeonekana. Kuna wafugaji tu, waliokuwa wanatawanyika na kukutana tena, na kila wakikutana walikuwa wanaongeza mtu na jiwe.

Na kwetu pia tunayo makaburi ya mawe, hatusemi tu. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna marundo ya mawe ambayo walowezi wa Kijerumani akina Siedentopf waliyakuta kwenye mashamba yao, na yakaanza kufunguliwa tangu siku zile za kabla na wakati wa Vita Kuu. Louis Leakey alichimba mengine mwaka 1941, na Hamo Sassoon wa idara yetu ya Mambo ya Kale akachimba jingine katika miaka ya 1960. Walikuta mifupa, shanga, mabakuli ya mawe. Ni kazi ya wafugaji wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watalii wanapita wakimtafuta faru, gari halisimami.

Basi nilikuwa kwenye basi la Sikonge nikijiambia: kwa nini isiwe Ipole? Kaburi la kwanza la aina ile magharibi mwa Tanzania, na mgunduzi wake mimi. Mtu anayetafuta mfugaji wa kale na mtu anayetafuta rupia za Mjerumani wanatazama rundo lilelile kwa macho yanayofanana kuliko ningependa.

Asubuhi ya pili mjomba akanipeleka. Tulikwenda na bibi mmoja jirani yake, ambaye mjomba alisema lazima awepo kwa sababu ndiye mkubwa aliyebaki upande ule wa kijiji. Nilipomwambia shikamoo akaniitikia, kisha akanipa na "mwangaluka" ya Kinyamwezi ili anisikie nitaitikiaje. Nikaitikia vibaya. Akacheka, tukaendelea.

Rundo lilikuwa kama mjomba alivyosema. Mawe mekundu yenye matundu, yale yanayovunjika kutoka ardhi ngumu ya huku, makubwa chini na madogo juu. Upande mmoja mti ulikuwa umeota kati yake, umeyasukuma. Niliinama, nikapiga picha, nikapima kwa kamba, nikachora. Nilizunguka mara tatu nikitafuta kigae au shanga juu ya udongo. Hamna. Mjomba akauliza, "Ni la lini?"

Hapo ndipo shahada inapomwaibisha mtu. Rundo la mawe halina umri usoni. La miaka 3,000 na la miaka 80 yanaweza kufanana kama pacha. Ili ujue lazima upate mkaa, au mfupa, au ganda la yai la mbuni, upeleke maabara wapime kaboni. Hata ukipata, unaweza kudanganywa. Hans Reck alitoa mifupa ya mtu Olduvai mwaka 1913 kutoka kwenye tabaka la kale mno, dunia ikashangaa kuona mtu wa namna yetu ni mkongwe kiasi kile. Ubishi ukaendelea karibu miaka 20 mpaka ilipokubalika kwamba mtu yule alizikwa. Watu wa baadaye walichimba kaburi, kaburi likaingia kwenye tabaka la zamani kuliko wao. Kaburi ni shimo, na shimo huchanganya nyakati.

Na huku kwetu kuna tatizo jingine. Udongo wa miombo una tindikali, unakula mifupa. Wafugaji wa Turkana na Ngorongoro walibahatika kulala kwenye ardhi inayohifadhi. Aliyezikwa chini ya mininga na mitundu ya Ipole anaweza kuisha kabisa, asiache hata jino, na mawe yakabaki yanalinda hewa. Nikamweleza mjomba. Akasema, "Kwa hiyo mkichimba mkakosa mtu, haina maana kwamba hakuwepo." Nikamwambia ndivyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba benki ina pesa zake ila haiwezi kumwonyesha.

Tulikaa kwenye kivuli tukala viazi. Bibi akauliza wale wazungu wa zamani waliopita huku walizikwa wapi. Swali hilo lilinishtua, maana jibu ninalo, na ni jibu la mawe.

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Mwaka 1871 Stanley alikuta njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji imefungwa na vita vya Mirambo, akalazimika kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, yaani nchi hizi zilizo karibu na Ipole. Mwingereza aliyekuwa naye, John Shaw, alikuwa mgonjwa na hakuenda mbali; akarudishwa Kwihara, akafia huko. Stanley aliporudi na Livingstone mwanzoni mwa 1872, aliwatuma watu wake wakusanye mawe, wakamjengea Shaw kaburi imara. Stanley ameandika kwamba Livingstone alilitazama akasema litadumu mamia ya miaka.

Tafakari hao watu waliokusanya mawe. Walikuwa wapagazi. Kila mmoja alikuwa amebeba kichwani au begani mzigo wa kilo 30 na kitu, wa nguo, shanga au waya, kutoka pwani. Wanyamwezi walifanya kazi hiyo kwa vizazi. Stephen Rockel ameandika kitabu kizima mwaka 2006 kuonyesha kwamba wengi wao walikuwa watu wa ujira, waliojua bei yao na waliogoma ikipunguzwa. Ndui ilikuwa inawafagia. Burton ameeleza mafuvu meupe kando ya njia, ya wapagazi walioanguka na kuachwa, kwa sababu msafara hausubiri na mgonjwa wa ndui hakuna anayetaka kumgusa. Ukiacha Shaw, sijui kaburi jingine la mawe ambalo wapagazi hao waliagizwa kulijenga katika Unyamwezi. Kwao wenyewe hawakujenga.

Bibi akasema, "Wangejengewa na nani?"

Nilianza kujibu, nikaacha. Kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nalikosa kuhusu Lothagam miaka yote ile. Nilikuwa nawashangaa wahamaji waliojenga kitu cha kudumu, kana kwamba ni kinyume. Si kinyume. Walijenga kwa kuwa walikuwa na uhakika wa kupita tena, na kwamba wa kwao watakuwapo msimu ujao kuongeza jiwe. Mpagazi naye alikuwa mtu wa safari, alipita palepale mara kumi maishani. Lakini aliyeanguka njiani alianguka kati ya watu wenye mizigo, na ndugu zake walikuwa wanamngoja Unyanyembe wasijue ni kambi ipi.

Kuna kisa kingine cha njia hii ambacho nilimsimulia bibi akakipenda kuliko vyote. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kuja kaskazini. Oktoba walifika Kwihara wakamkuta Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Walipoendelea mbele hadi Kasekera, habari za maiti zikawatangulia, na wenyeji wakakataa isipite. Basi wakafanya ujanja. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga nguo mpaka yakawa na umbo la mtu, na kundi dogo likayabeba kwa heshima zote kurudi Unyanyembe, eti wanakwenda kumzika. Usiku ulipoingia wakayatupa porini bua moja moja, wakarudi. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama robota la nguo, unasafiri kama bidhaa. Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London.

"Kwa hiyo kuna kaburi la mabua," bibi akasema.

Lipo, kwa namna hiyo. Na wanaakiolojia hawatalipata kamwe, kama ambavyo wanahangaika kupata hata Tabora yenyewe ya siku zile. Tembe zilikuwa za udongo na miti. Paa likianguka, mvua za misimu michache zinarudisha nyumba shambani. Tembe la Kwihara wanaloonyeshwa wageni limejengwa upya. Stephanie Wynne-Jones na Sarah Croucher waliitembelea njia hii ya kati miaka ya 2000 kutafuta mabaki yake, na Thomas Biginagwa amechimba vituo vya misafara bonde la Pangani akisoma mifupa ya wanyama walioliwa na wasafiri. Ni kazi ya subira. Mji uliojaa pembe za ndovu na watu umeacha vitu vichache kuliko wafugaji mia chache wa ufukoni mwa Turkana.

Sheria nayo ina kichekesho chake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mpagazi aliyefukiwa na wenzake mwaka 1862 ni mali ya kale ya taifa. Aliyefukiwa 1864, hatua kumi kutoka kwake, anasubiri waziri atie saini. Vilevile hakuna anayeruhusiwa kuchimba bila leseni, nami sikuwa nayo. Nilimweleza mjomba hivyo, kwamba hata mimi siruhusiwi, na wale vijana ndiyo kabisa. Akauliza kama kuna ofisa atakayekuja kuwazuia. Sikuwa na jibu la kumpa.

Jioni bibi alitoa alilokuwa nalo. Alisema mama yake alikuwa akimwambia kwamba upande ule palikuwa na watu kabla ya kuhamishwa kwa ajili ya malale. Hilo nalijua kwenye karatasi: katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa misitu hii katika makazi makubwa ili kuwatenga na mbung'o, na vijiji vizima vikaachiwa miti. Nusu karne baadaye operesheni ya vijiji vya ujamaa ikahamisha tena. Watu wa Ipole wanaishi juu ya ramani iliyokunjwa mara mbili. Rundo lile linaweza kuwa kaburi la mtu wa kabla ya malale. Linaweza kuwa mawe yaliyotolewa shambani na mkulima wa mwaka 1910 yakarundikwa pembeni, basi. Nilipomwambia bibi hilo la pili alinyamaza kidogo, kisha akasema mawe ya shambani watu hawayapangi makubwa chini.

Tulikubaliana mjomba aache rundo na hatua kumi kulizunguka, alime pembeni. Hakufurahi, hatua kumi ni tumbaku. Nikaandika barua mbili za kuomba eneo lisajiliwe, nikarudi Dar es Salaam.

Desemba akapiga simu tena. Safari hii alisalimia watu wote.

Nilifika mvua zimeanza. Shimo lilikuwa la kina cha kiuno, kingo zake zimekatwa vizuri kwa sururu, mawe yametupwa kila upande hadi kwenye matuta ya tumbaku. Chini palikuwa na maji mekundu. Niliyachota kwa ndoo, nikapekua udongo uliotupwa, konzi kwa konzi, siku nzima. Sikuona mfupa, sikuona kigae, sikuona rupia. Pembeni nilikuta chupa ya maji na betri mbili. Mjomba alisema hajui ni akina nani, na akasema mara mbili kwamba yeye hakuchukua hela ya mtu. Namwamini. Nilimwambia namwamini.

Bibi alikuja alasiri akiwa na mwavuli. Alitazama shimo, akamwuliza mjomba anangoja nini. Mjomba akashuka akaanza kurudisha udongo kwa jembe. Kitaalamu nilipaswa kumzuia: ukishafukia na kupanga upya umefuta kilichobaki cha ushahidi, na mtu wa miaka ijayo atakuta mpangilio wa Desemba hii akidhani ni wa kale. Nilikuwa na picha zangu na mchoro wa Septemba. Nikauweka kwenye mfuko wa plastiki usilowe.

Kisha nikaanza kubeba. Makubwa kwanza.